Tumbo la Afande

Kazi ya Afande ilikuwa kupiga kelele. Aliajiriwa na kampuni ya ulinzi, na kila kundi jipya la walinzi lilipita mikononi mwake kabla ya kukabidhiwa lango la mtu. Alikuwa na filimbi shingoni, viatu vya kung'aa, na kauli aliyoirudia tangu kunapokucha mpaka jua la utosi: "Kifua mbele, tumbo ndani!" Na haki yake apewe, alianza na la kwake. Umri wake ulishapita hamsini, watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, lakini hapakuwa na mlinzi aliyewahi kuliona tumbo la Afande.

Siku moja, katikati ya mchakamchaka, uwanja ukazunguka machoni mwake. Akaenda chini puu, mbele ya kuruta wote. Daktari wa kampuni akampima, akatikisa kichwa, akampima tena. Presha ilikuwa juu mno. Akampa vidonge, akamkataza kukimbia, na akamtaka aende yoga mpaka mwisho wa mwezi ujao.

"Presha ikishuka vizuri, unarudi uwanjani," alisema. "Isiposhuka, tutakutafutia kiti ofisini."

Kiti! Mtu aliyesimama maisha yake yote akakae akipokea simu? Bila uwanja ule angekuwa mzee fulani tu mwenye viatu safi. Afande aliogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa, akakasirika.

"Hiyo yoga ni kitu gani?" alimuuliza mkewe jioni ile.

"Si yale mazoezi ya kujikunja?"

"Samaki mkunje angali mbichi, Mama Pacha. Mimi nimeshakauka."

"Na mtaka cha mvunguni sharti ainame," mkewe akamjibu, huku akiendelea kupanga nguo kabatini. "Tena nakuja na wewe, usije ukawapigia watu filimbi huko."

Darasa lilikuwa chumba cha juu ya duka la rangi, harufu ya tapentaini ikipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Wengi walikuwa kina mama wa makamo na muuguzi mmoja mstaafu. Mwalimu alikuwa binti wa rika la watoto wake, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba Afande alijiuliza kama anaumwa koo. Alitafuta saa ukutani, hakuiona. Alitafuta mstari wa kuanzia, hakuuona.

"Tunaanza lini?" aliuliza.

"Tumeshaanza," mwalimu akasema. "Si unapumua?"

Afande akamgeukia mkewe apate ufafanuzi. Mkewe alikuwa amefumba macho.

Wakaambiwa wasimame kwa mguu mmoja. Hapo Afande alijiona amefika nyumbani. Akasimama wima kama nguzo ya umeme, jicho likizunguka kuona nani anayumba. Walipokwisha kushusha miguu wote, yeye bado alikuwa juu.

"Nimeshinda," alisema.

"Umemshinda nani?" mwalimu akauliza, wala hakuwa akimdhihaki. "Shusha mguu, Afande. Halafu legeza tumbo."

Afande alimtazama kana kwamba ameambiwa avue suruali.

Basi akalichukulia jambo lile kwa njia aliyoijua, yaani kuzidisha. Nyumbani, kati ya kitanda na kabati, alijikunja asubuhi na jioni, amekaza meno, jasho likimtiririka. Kila mkunjo aliufanya mara mbili ya ulivyofundishwa, na kwa haraka mara mbili. Mama Pacha alimwonya, hakusikia. Sikio la kufa halisikii dawa. Alipokwenda kupimwa katikati ya muda, presha ilikuwa imepanda.

"Unafanya yoga kweli?" daktari akauliza.

"Kuliko wote!" alifoka Afande, na mashine ikapanda tena.

Akaenda kwa mwalimu kama mtu anayerudisha kiatu kibovu dukani. Mwalimu hakubishana. Alimwomba apige pushapu, naye akazipiga kwa furaha, chumba kikatikisika.

"Ulikuwa unawaza nini?"

"Nimalize."

"Basi hayo ni mazoezi, tena mazuri. Unaamrisha, mwili unatii, unahesabu, unamaliza. Sasa inama uguse vidole. Usipovifikia, ulipofika panatosha. Kaa hapo upumue. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Kwa sababu umebana pumzi. Mikunjo hata wacheza mpira wanaifanya wakipasha misuli. Hapa tunakunja mwili taratibu na pumzi, na akili inabaki nao. Wewe mwili uko hapa, akili iko kwenye ushindi."

"Sasa nani atajua kama nimefaulu?"

"Hakuna."

Kwa jibu la namna hiyo, kuruta angezungushwa uwanja mpaka ajute kuzaliwa. Afande alishuka ngazi kichwa kikimuuma. Kuna shughuli gani duniani ambayo mtu anaifanya asijue kama ameifanya? Alimuuliza mkewe, akamuuliza muuza rangi pale chini, hata fundi viatu wake. Kila mmoja alimpa jibu lake, na hapakuwa na majibu mawili yaliyokaa chungu kimoja.

Mwisho wa kila kipindi watu walilala chali, wakatulia. Afande alilala mguu sawa, mikono imebana mapajani. Siku baada ya siku alilala hivyo, mpaka jioni moja, bila kuamrishwa na mtu, pumzi ndefu ikamtoka. Na tumbo nalo likatoka. Lilikuwa tumbo dogo, la duara, laini.

Mama Pacha akafumbua jicho moja. "Baba Pacha," alinong'ona, "hili lilikuwa wapi miaka yote hii?"

Alitaka kulirudisha ndani, akaona uvivu. Aliona aibu na raha kwa pamoja, asijue ipi imezidi.

Muda aliopewa ulipokwisha, daktari alipima mara mbili. "Imeshuka," alisema, "lakini haijafika. Pole, Afande. Msaidizi wako ataendelea na uwanja. Kiti kiko tayari."

Afande akavua filimbi, akaiweka mezani. Alitoka nje, akasimama kando ya ukuta akisubiri hasira. Ng'ambo ya ukuta alimsikia msaidizi wake akiwafokea kuruta, tena akikosea mwendo. Alisubiri. Huzuni ilikuja, nzito kweli, ikamkaa kifuani. Lakini ngumi hazikukunjika, na meno hayakukazana. Alisubiri mpaka mlinzi wa lango akamuuliza kama amepoteza kitu.

Alimkuta mkewe jikoni.

"Mama Pacha, niguse usoni. Nina homa?"

Mkewe akafuta mkono, akamgusa paji la uso, kisha shingo. "Huna."

"Wameninyang'anya uwanja."

"Ee Mungu wangu! Pole, baba."

"Uwanja wangu, Mama Pacha! Na hasira haijaja, nimekuja njia nzima nasikia njaa tu. Kama sina homa, nina nini?"

Mama Pacha akangoja ajijibu mwenyewe, kwa maana tangu waoane hakuwahi kumsikia akiuliza jambo lake mwenyewe bila kuwa na jibu tayari. Lakini Afande alivuta kigoda, akaketi, akamtazama mkewe machoni, akingoja aambiwe.