Rubisi ya Kocha Limbu

Kokuhirwa alizaliwa mrefu na hakuishia hapo. Kufikia darasa la saba alikuwa ameshampita baba yake, na kidato cha tano kilimkuta ana futi sita na inchi moja, akiinama kuingia jikoni kwao Kamachumu na kusahau kuinama wakati wa kutoka. Watu walimtania mpaka wakachoka. Hao hao waliomwita ngazi ndio waliomtuma awachumie parachichi za juu, naye alichuma, akawapa, akaenda zake. Maneno mengi hakuwa nayo.

Mpira wa kikapu ulimpata sekondari. Mwalimu wa michezo alikiona kichwa kikipita nje ya dirisha ambalo hakuna msichana aliyewahi kulifikia, akatoka mbio kumfuata. Miaka michache baadaye hakukuwa na timu ya shule Bukoba nzima isiyomwogopa. Mwaka huu, alipomaliza kidato cha sita, vyuo viwili vilimtaka kwa mpigo.

Cha kwanza kilikuwa Mwanza. Kocha wake, Limbu, alikuwa Msukuma mcheshi mwenye tumbo la mtu aliyeacha kucheza siku nyingi. Aliahidi ada, malazi, viatu jozi mbili kila mwaka, na nafasi ya kikosi cha kwanza tangu siku ya kwanza. Cha pili kilikuwa Dar es Salaam. Kocha wake, Evelyne, mwanamke mwembamba asiyependa kupoteza maneno, aliahidi ada na malazi, basi. Viatu hakuvitaja kabisa. Alikuja Bukoba siku tatu, akasimama kando ya uwanja mikono nyuma, akatazama. Siku ya tatu alimwita Kokuhirwa.

"Mwaka wa kwanza utakaa benchi," alimwambia. "Unajua kwa nini?"

"Sijui, kocha."

"Kila ukipata mpira unaelekea kulia. Mimi nina miaka arobaini na sita na ningekuzuia."

Hapo hapo, bila kumwonya, akamrushia chupa ya maji. Kokuhirwa akaidaka. Evelyne akaitazama chupa, kisha mkono ulioishika, ambao ulikuwa wa kushoto.

"Huo ndio mkono wako," akasema. "Nani aliulaza?"

Kokuhirwa akaihamishia chupa mkono wa kulia. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akila kwa kushoto na kusalimia kwa kushoto, na baba yake, Ta Aristides, kama wanavyowaita wanaume wa heshima huko kwao, ni mtu mwenye adabu kuwazidi mapadri wa Kashozi. Kila wakati wa chakula aliufunga mkono ule kiunoni kwa kitambaa cha kitenge. Hakumchapa hata siku moja. Mkono wa kulia uliposhindwa, alimlisha yeye mwenyewe, tonge kwa tonge, akimwambia kwamba mkono wa kushoto haupewi kitu na haumpi mtu kitu. Baada ya mwaka mmoja mkono ukasalimu amri, na kitambaa kikarudi kwa mama yake, Yuster, ambaye sasa ni marehemu.

Alasiri ile ile Kokuhirwa alijua anakwenda wapi. Chuo cha Dar kilikuwa pia na shahada ya tiba ya viungo, aliyoitamani tangu goti lake lilipoteguka akiwa kidato cha tatu. Lakini hata kisingekuwa nayo angekwenda. Limbu alitaka kimo chake. Evelyne alikuwa ameona kitu ambacho hata Kokuhirwa mwenyewe alikuwa amekisahau.

Siku hizo Kokuhirwa alikuwa akiishi kwa shangazi yake, Ephrasia, pale Kitendaguro, Bukoba mjini, ili awe karibu na mazoezi ya mashindano ya mkoa. Jumapili alipanda gari kwenda Kamachumu kumpa baba yake habari. Hakujua kwamba Jumamosi Kocha Limbu alikuwa amemtangulia.

Limbu hakuwa na nia mbaya, na hilo lisemwe mapema. Alipofika Kamachumu alipitia dukani kwa Burhani, muuza misumari na saruji, mtu mwema lakini mshauri wa kila asiyeuliza. "Kwa mzee wa Kihaya huendi mikono mitupu," Burhani alimwambia. "Mpelekee rubisi." Limbu akanunua kibuyu kizima cha pombe ile ya ndizi, akakipakata mpaka kwa Ta Aristides. Alikuta wazee watatu wa jirani wamekaa barazani. Akakaribishwa, akapewa kahawa ya kutafuna, akaweka kibuyu chini mbele ya mwenye nyumba, kisha akaeleza kwamba amekuja kumwomba Kokuhirwa kwa ajili ya timu ya chuo chake. Ta Aristides alisikiliza mpaka mwisho. Mwanza si mbali, meli ipo, na mgeni alikuwa mtu wa watu. Mzee akachukua kata, akanywa wa kwanza.

Kokuhirwa alimkuta baba yake kibanjani, akipunguza majani makavu ya migomba.

"Tata, nimeamua," alimwambia. "Nakwenda Dar es Salaam."

Ta Aristides alishusha panga. "Dar haiwezekani, mwana wange. Nimeshakunywa."

Kokuhirwa alidhani ni utani, akacheka. Baba yake hakucheka. Akamweleza yote, na kicheko kikamkauka mdomoni: kwao rubisi ya mgeni anayeomba binti ni ya posa, na mzazi akiinywa ametoa neno.

"Mimi siolewi, Tata!"

"Najua huolewi, sijawa mjinga kiasi hicho. Lakini mtu amekuja na rubisi, ameomba, nami nimekunywa mbele ya Ta Mwesiga na wenzake. Ningekuwa sikubali, ningeiacha na povu lake aondoke nayo. Sasa nimwambie nini? Kwamba koo langu halikuwa na akili?"

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa Bukoba."

"Si simu ipo?"

Ta Aristides alitazama panga lake. Kwa kuwa hakuwa mwongo, hakutafuta kisingizio, akarudi kukata majani.

Kokuhirwa alirudi mjini na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Angeweza kujaza fomu na kuondoka. Ana miaka kumi na tisa, na wengi wameondoka hivyo bila dunia kupasuka. Lakini alimjua baba yake. Akikuahidi mkungu wa ndizi halafu upepo ukalaza kibanja kizima, ataununua sokoni akuletee, tena mkubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo ukimfanya mwongo mbele ya wazee wenzake, humwachii kitu. Kokuhirwa aliitaka Dar kwa moyo wote, na hakutaka kuipata kwa bei hiyo. Fomu ya Kocha Evelyne ilitakiwa kutumwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, ikiwa na sahihi mbili, yake na ya mzazi.

Shangazi Ephrasia aliposikia habari ya kibuyu alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Aristides huyo! Kwani hakukwambia yaliyonipata mimi?"

"Yapi, shangazi?"

"Nikiwa na umri wako, watu wa Muleba walikuja kuniposa. Baba yetu akanywa. Mimi nikakataa, nikalia siku mbili, chakula sili. Siku ya tatu mzee akakata ndizi, akapika rubisi yake mwenyewe, kibuyu kikubwa kuliko kile cha wageni, akakibeba kichwani mpaka Muleba kwa miguu. Akawaambia, nimekunywa yenu, nyweni yangu, neno langu nipeni. Wakanywa, yakaisha. Na unajua nani alikuwa nyuma yake amebeba kata? Baba yako. Alikuwa kijana mwenye ndevu, hawezi kusema amesahau. Mpigie simu, mwambie Ephrasia anauliza kama njia ya Muleba bado anaikumbuka."

Kokuhirwa alipiga, akasema vile vile alivyotumwa.

"Mwambie shangazi yako ana mdomo," baba yake akasema, simu ikakatika.

Hakusema zaidi, na wiki nzima hakupiga. Kokuhirwa alikwenda mazoezini, akarudi, akala, akalala, na kila alipoitazama fomu mezani aliigeuza ilale kifudifudi. Jumamosi mchana Burhani, ambaye hakuweza kukaa na habari tumboni, alimtumia picha. Ta Aristides alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wa kukamulia, suruali imekunjwa mpaka magotini, akikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi. Chini ya picha Burhani alikuwa ameandika: "Mzee kazini. Mtama wa kuchachushia nimetoa mimi." Kokuhirwa alikaa na simu ile mkononi muda mrefu. Baba yake alikuwa na miaka sitini na minane na mgongo mbovu.

Fainali ya mkoa ilichezwa Jumapili, Bukoba mjini. Katika robo ya pili Kokuhirwa alitupa jicho pembeni ya uwanja na nusura apoteze mpira. Ta Aristides alikuwa ameketi pale, amevaa koti lake la misa, kibuyu katikati ya magoti, mdomo wa kibuyu umezibwa kwa jani la mgomba. Hakuwahi kumwona binti yake akicheza. Siku zote alisema mpira ni wa watu wasio na kahawa ya kuchuma. Na aliyeketi kando yake, akimweleza kila fauli kwa mikono miwili, alikuwa Kocha Limbu. Mzee hakuwa amefungua kinywa kuhusu kibuyu. Adabu haikumruhusu kumkatisha mtu anayetazama mchezo.

Wapinzani walikuwa wamejifunza. Kila Kokuhirwa alipopata mpira walimwekea wasichana wawili upande wa kulia, akakwama. Katika robo ya tatu alikwama tena chini ya ringi, na safari hii mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe, ukarusha. Mpira uligonga chuma, ukatoka nje. Wenzake waliguna. Dakika nne baadaye alikwama vile vile, akarusha kwa mkono ule ule, sasa kwa kukusudia. Mpira uligonga ubao, ukaingia. Mwishoni timu yake ilifungwa kwa tofauti ya pointi nne, na hakusikia uchungu aliokuwa ameutarajia.

Alipofika kwa wale wawili, jasho likimtiririka, baba yake alisimama. Alikiinua kibuyu kwa mikono miwili.

"Waitu kocha, ulikuja kwangu na rubisi nikanywa," alisema, akimwita kwa neno la heshima la Kihaya. "Hii nimeikanyaga mwenyewe. Binti yangu ana njia nyingine, na mimi sikumuuliza. Naomba uipokee, neno langu lirudi nyumbani."

Limbu alimtazama mzee, akatazama kibuyu, akamgeukia Kokuhirwa kama anayeomba mkalimani, kisha akaangua kicheko.

"Mzee wangu! Ile ilikuwa heshima tu. Burhani aliniambia nisije mikono mitupu. Sikujua kama nimeposa!"

Kokuhirwa alifumba macho. Wiki nzima ya kazi, mgongo ule, safari ile, na mtu mwenyewe hakujua alichokuwa amekipeleka. Alisubiri baba yake amlaani Burhani na ukoo wake. Ta Aristides hakumtaja.

"Wewe hukujua," alisema taratibu. "Mimi nilijua."

Kibuyu kilikuwa bado juu. Kicheko cha Limbu kiliisha. Alifuta viganja kwenye suruali, akakipokea kwa mikono miwili, akaondoa jani, akanywa pale pale amesimama, funda refu.

"Nimepokea, mzee," akasema, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake. Kisha akamgeukia Kokuhirwa. "Tutakutana uwanjani, binti. Nitaweka watu wawili kulia kwako."

"Weka, kocha," Kokuhirwa alisema. "Weka hata watatu."

Jioni ile walikaa kwa Ephrasia, Kitendaguro, ndizi na maharage vikiwa jikoni. Fomu iligeuzwa, ikatazama juu. Ta Aristides aliisoma yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma, kisha akaweka sahihi yake mahali pa mzazi. Kokuhirwa akanyoosha mkono wa kulia apewe kalamu.

Baba yake hakumpa.

"Leo nimeuona ule mkono," alisema. "Ulirusha ukakosa, ukarusha tena."

"Uliuona, Tata?"

"Nitaachaje kuuona? Niliufunga mimi. Kwa kitenge cha mama yako, kile cha njano." Akaitazama kalamu. "Nilikuwa nakufundisha adabu, mwana wange. Sikujua kama nakunyima kitu."

Kokuhirwa alitaka kumwambia kwamba si kitu, kwamba yamepita. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado hewani, umefunguka, unasubiri.

"Huo hapana," Ta Aristides alisema. "Lete ule wako."

Akaunyoosha wa kushoto, mbele ya baba yake na shangazi yake, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka mitatu. Ephrasia aligeuka akajishughulisha na sufuria ambayo haikuwa na shida yoyote. Ta Aristides aliweka kalamu katika kiganja kile, akavifunga vidole juu yake kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimlisha zamani tonge kwa tonge.

Jina lilichukua muda mrefu kuandikwa. Herufi zilikwenda upande, kubwa, za mtoto wa darasa la kwanza, na mara mbili kalamu iliteleza. Ta Aristides aliinamia meza na kuzifuata herufi zote mpaka ya mwisho, bila kumharakisha.