Nilivyokuwa Mkwezi wa Minazi ya Mama

Walisema sitaweza. Mzee Makwinya, aliyekuwa mkwezi wa minazi ya kijiji chetu kizima cha Pande, aliniangalia tumbo akatangaza mbele ya watu kwamba sitafika hata nusu ya shina, na siku nitakayofika kileleni ujue mnazi umelala chini. Mkewe alicheka mpaka akakaa. Leo naandika haya nikiwa kwenye baraza ya nyumba yangu mwenyewe, ya tofali na bati la rangi, na stashahada yangu ya kilimo imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikosa. Sina kinyongo na watu wale. Nasema tu kwamba walikosea.

Ninyi mliokulia pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Lindi, mnajua tulivyoishi. Asubuhi ilikuwa muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai, kisha shule, ufagio mkononi na jembe begani, maana huwezi kujua mwalimu mkuu ameamkaje. Mchana tulirudi tukikimbia kwenye vivuli, kwani mchanga ulikuwa unachoma na viatu vilikuwa vya Idd. Baada ya swala ya alasiri ni madrasa, ambako tulisoma kwa sauti moja ili asiyejua ajifiche ndani ya sauti ya anayejua. Msimu wa korosho tulinuka mabibo mwili mzima, na midomo ilibabuka kwa mafuta ya korosho tulizozichoma wenyewe bila subira.

Na kila msimu ulikuja na mchezo wake. Mwezi huu tiara za magazeti, mwezi ujao gari za makopo zenye magurudumu ya kandambili, halafu manati, halafu matairi. Mwanzilishi alikuwa rafiki yangu Hamisi, mtoto mwenye kipaji cha kugundua jambo jipya kila la zamani lilipoanza kuwa gumu. Mimi nilimfuata. Nyuma ya nyumba yetu palijaa tiara zisizo na mkia na gari zisizo na magurudumu. Mama alizifagia akisema, "Wewe mtoto una mikono ya kuanzia tu. Ya kumalizia uliisahau tumboni mwangu?"

Baba alipofariki alituachia nyumba ya udongo na minazi saba mirefu. Minazi ni mali, lakini mali iliyo juu inataka mtu wa kuishusha. Mzee Makwinya alikuja alipojisikia. Siku asizojisikia, nazi zilidondoka zenyewe, na aliyepita wa kwanza ndiye aliyezipika. Tajiri mmoja wa mji wa Masoko akamwambia mama amwachie minazi yote. Atampa sukari, vitenge na fedha kidogo, na mavuno yatakuwa yake kwa miaka kadhaa. Mama aliomba apewe muda. Jioni moja, kabla ya mfungo kuanza, nilimsikia akimwambia shangazi, "Idd ikifika na sina wa kuipanda, nampa. Nitafanyaje?"

"Nitapanda mimi," nikasema kutoka mlangoni.

Shangazi Mwanahawa alicheka. Mama hakucheka. Aliendelea kukuna nazi kama mtu aliyesikia kuku akipita, na hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Minazi ya mama haikuwa ya kujifunzia. Ukianguka pale unaanguka mara moja tu. Ikabidi niazime. Bi Somoe, jirani yetu wa karibu na kisima, alikuwa na mnazi mfupi. "Nakuazima, sikupi," akaniambia. "Ukinivunjia kilele, nami nakuvunja kiuno." Mzee Athumani, mvuvi, alinipa kamba ya kufunga miguuni. Akaivutavuta, akaniangalia. "Kamba hii imevuta papa, babu. Wewe huwezi kuwa mzito kuliko papa. Nadhani." Na Shangazi Mwanahawa, baada ya kumaliza kucheka, alinikopesha magunia ya makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi, akayatandaza kulizunguka shina ili nikidondoka nidondoke pazuri.

Nikaanza. Kila siku baada ya madrasa, mnazi uleule. Siku za kwanza nilipanda urefu wa mbuzi nikateremka kwa kifua, na mama akanipaka mafuta ya nazi bila kuuliza kitu. Nililijua shina lile kama ninavyoujua uso wangu: palipoteleza, palipokuwa na kovu la panga, mahali ambapo majimoto, wale chungu wekundu wakali, walijenga na kunisubiri. Watoto waliokuja kuchota maji walikaa juu ya ndoo zao kunitazama. Hamisi alipita na tiara mpya, akapita na tairi, akapita akiuza barafu za ukwaju za mama yake mdogo.

"Twende bwana!" akaita. "Mnazi haukimbii!"

"Ndiyo maana nimeuchagua," nikamjibu. Nilikuwa nimening'inia vibaya, lakini jibu lilikuwa zuri na bado nalipenda.

Ikafika siku nikagusa makuti. Nikapiga kelele watu wakae mbali, nikachomoa panga, nikaliangusha kole zima la nazi. Lilitua kwa kishindo, nami nikasubiri shangwe. Nilichosikia ni kilio cha Bi Somoe.

"Umeniua! Makoroma matupu!"

Kwa msomaji wa bara: koroma si dafu tena, na bado halijawa nazi. Maji yake hayana utamu, na nyama yake haitoi tui la maana. Ni kama kumtoa mtoto shuleni katikati ya mwaka; si msomi, si mkulima. Mtu wa pwani anakusamehe mengi, lakini si hilo. Kufikia swala ya isha, jina langu lilikuwa limeshabadilika. Pande nzima iliniita Koroma.

"Achana nao," Hamisi akaninong'oneza kesho yake. "Barafu zinalipa. Huko hakuna wa kukucheka." Na kweli, barafu zilikuwa zinalipa. Niliwaza nikiwa njiani kutoka madrasa, na miguu ikanipeleka kisimani kama ilivyozoea.

Bi Somoe alikuwa amesimama chini ya mnazi wake, mikono kiunoni. "Panda," akasema. "Panga liache hapa."

Basi nikawa napanda mikono mitupu. Yeye alikaa chini na ungo wake wa mchele, akipeta, ananiuliza bila kunyanyua kichwa.

"Iliyo karibu na mkono wako wa kulia?"

"Nazi!"

"Itikise."

Naitikisa. Kimya. "Koroma, Bi Somoe."

"Haya. Ya nyuma yake?"

Hivyo hivyo, mnazi mmoja, kole baada ya kole, mpaka wiki za mfungo zikakaribia kwisha. Nikajifunza rangi ya ganda inavyofifia. Nikajifunza sauti ya maji yanayocheza ndani ya nazi iliyokomaa. Siku moja alinyanyua kichwa, akanirushia kamba ya kuvutia panga juu.

Vijana wa sasa nikiwasimulia haya wananiuliza kwa nini sikutafuta video. Mpwa wangu ana biashara tatu, zote ziko ndani ya simu, na kila Ijumaa ananijia na ya nne. Hamisi naye ameshakuwa mtu wa bodaboda, wa ufuta, wa mbaazi na wa vito. Sasa anasema mambo yako kwenye kufuga sungura. Ni mtu mwema na simchukii. Mimi minazi ilinisomesha. Likizo zote za sekondari nilipanda, nikaenda chuo, nikafanya kazi mijini, kisha nikarudi. Watu walitegemea nifungue duka la simu. Nikapanda miche ya minazi. Wakasema yaleyale, kwamba sitaweza, ila safari hii walisema taratibu kidogo. Leo ukitaka mche mzuri kutoka hapa mpaka Kitomanga, utaelekezwa kwangu. Lakini minazi mirefu ya zamani inapungua, watoto wa kuipanda hawapo, na jioni kijijini husikii tena mtu akipaza sauti kutoka juu kwamba kaeni mbali. Unasikia simu.

Siku niliyovaa joho chuoni nilipigwa picha nyingi. Hata hivyo, siku yangu kubwa ni siku ya mwisho ya mfungo ule, wakati kila nyumba inasaka nazi za wali wa Idd na Mzee Makwinya anagombaniwa kama maji.

Nilianza asubuhi na minazi ya mama. Tajiri wa Masoko alifika akiwa na vitenge kwenye baiskeli, akanikuta kwenye mnazi wa tano. Nilimsikia mama akimwambia kwa adabu, "Utuwie radhi, baba. Minazi ina mtu wake." Akaondoka na vitenge vyake.

Kisha nikaenda kwa walioniazima. Kwa Bi Somoe niliangua mnazi mfupi na mingine yote aliyokuwa nayo, na ujira wa mkwezi sikuuchukua. Alizitikisa nazi moja moja sikioni, zote, akaniambia niende zangu. Mzee Athumani nilimrudishia kamba yake na nazi za kumtosha Idd nzima. Akauliza kama kamba imekatika popote, nikamwambia hapana, akasema itakatikaje, si ndiyo ile iliyovuta papa. Shangazi Mwanahawa nilimbebea magunia yake ya makumbi kichwani na kummwagia nazi mlangoni. Nilikuwa nimefunga, mkitaka kujua.

Jua lilikuwa linazama nilipokaa nje ya nyumba ya shangazi, sidaiwi na mtu. Ng'ambo ya uwanja mama alitoka jikoni, akamwambia dada yangu mdogo, "Kimbia ukamwite mkwezi, futari iko tayari." Mtoto akasimama, akatazama huku na huku akimtafuta Mzee Makwinya.

"Yule pale," mama akasema. "Kaka yako."