Majani ya Manja

Viza yangu ilipokaribia kuisha, macho yakabadilika rangi. Niliyaona kwenye kioo cha choo cha kambi ya wafanyakazi, kule Muhaisnah, Dubai: manjano, kama mchuzi umemwagikia ndani. Vipimo vya viza hutaka damu, na sote tuliambiwa kwamba ini likikutwa na ugonjwa, unarudishwa kwenu. Na kwetu kulikuwa na mke na watoto wawili waliokula kwa mkono wangu.

Nikaenda kulinda jengo letu la Marina na miwani ya jua. Supavaiza akacheka.

"Leo unamlinda rais gani?"

Nikacheka naye.

Aliyenivua miwani ni mzee Mmalabari wa kusini mwa India, mtunza maua wa jengo. Hatukuwa na lugha moja, ila vipande vya Kiingereza na Kiarabu cha kazini: yalla, twende; khalas, imekwisha. Akanitazama, akasema, "Manja."

"Manjano," nikajibu kwa mshangao.

"Manja, manja!" Akafurahi kama tumegundua babu yetu ni mmoja.

Huenda ni neno hilo tu lililonifanya nimwamini. Hospitali niliiogopa, na huyu aliujua ugonjwa wangu karibu kwa lugha yangu. Sijui kama hiyo ni akili.

Akachutama penye maua, akang'oa gugu ambalo analipwa kuling'oa. Majani madogo kama ya mkwaju, na vijitunda vimejipanga chini yake. Kwetu Ukambani niling'oa gugu kama hilo nikalitupa, ingawa siwezi kuapa kwamba ni lile lile. Kwao, akanieleza kwa mikono, husagwa pamoja na maziwa, hunywewa asubuhi kabla ya kula. Chumvi hapana, mafuta hapana.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, mtu wa Mombasa, alinishangaa. "Wee mbara, sasa wala nyasi? Hata mbuzi huchagua!" Lakini niseme haki: siku nilizolegea, ni yeye aliyenisagia.

Dawa ilikuwa chungu mpaka masikioni. Polepole macho yakarudi meupe. Ni majani, au yangepona yenyewe? Sikusoma kiasi cha kujua. Nilijua tu kwamba nimeanza kulala usingizi.

Nikaenda kupimwa bila miwani. Kumbe damu ina habari zake. Karani wa kampuni aliniambia taratibu, bila dharau, kwamba ini lina virusi na tiketi yangu inaandaliwa. Nikasema sawa. Mpaka leo sijui kwa nini nilisema sawa.

Nilipokwenda Marina kurudisha redio ya kazi, mzee alikuwa akimwagilia. Akanivuta kope kwa kidole chenye udongo.

"Manja khalas!"

Akawaita wenzake. Wakaja na mipira ya maji mikononi, wakayachungulia macho yangu mmoja mmoja, wakampongeza. Na hakuwa amesema uongo. Sikupata moyo wa kumweleza, wala maneno ya kumwelezea.

"Khalas, baba," nikasema.