Moshi Ulitii Hesabu

Mtaalamu alikuja Garsen na moshi ambao ulikuwa bado haujazaliwa. Ulikuwa ndani ya kompyuta yake, umepakwa rangi, na alimwonyesha kila aliyeomba kuuona. Maji yalikuwa yamekula barabara, kwa hiyo ungejengwa mtambo wa kupika lami ya kuitengeneza, na kabla ya kujengwa ilibidi ijulikane moshi wake utamwangukia nani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nilipewa kazi ya kumtembeza mgeni kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na, nakiri, kwa sababu nilijipendekeza. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba hesabu itawafaa maishani, na sikuwahi kuwa na mfano. Sasa mfano ulikuwa umekuja wenyewe, tena kwa gari lenye kiyoyozi.

Alinieleza modeli yake tukiwa tumeegemea gari hilo. Unaipa urefu wa bomba la moshi, joto la moshi wenyewe, kasi ya upepo na unakoelekea. Moshi unapanda kidogo, unalala, kisha unatanuka kadiri unavyokwenda, mzito katikati na mwepesi pembeni, kama unga unapoumimina kwenye ungo. Upepo tuliuazima kwenye uwanja wa ndege ulio mbali huko pwani, maana Garsen haina chombo cha kupima upepo, ina upepo tu. Ardhi ilichukuliwa kuwa tambarare, na hapo angalau hatukumsingizia mtu.

Walibaki watu. Modeli haimjui mtu mpaka awekewe nukta. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na simu yenye ramani, na kila penye makazi niweke nukta, kompyuta ihesabu moshi utakaomfikia aliye pale. Niliweka nukta Idsowe, kijiji chetu cha kando ya mto, nyumba kwa nyumba, nikianza na ya mama yangu. Mama ana pumu. Nilipoiona nukta yake imekaa nje kabisa ya rangi, nilijiona mtoto mwema kupita wote waliowahi kusomeshwa.

Kisha tukafika kwenye mwinuko ulio kando ya barabara, kaskazini ya pale mtambo ungesimama. Palikuwa na miti iliyochimbiwa, choo kimoja kilichoinama na vipande vya turubai.

"Mwalimu, hapa anakaa nani?" mtaalamu akauliza.

"Hakai mtu," nikamjibu.

Sikusema uongo. Mto ukifurika, nusu ya Idsowe huhamia pale kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Lakini kwetu mahali pa kukimbilia maji hapaitwi makazi. Mtu hukaa penye shamba lake na makaburi ya wazee wake. Kule kwingine anajishikiza tu. Ukisema unakaa mwinukoni, umekiri kwamba mto umekushinda, na kesho watu watauliza shamba umemwachia nani. Basi sikuweka nukta. Ile rangi nyekundu, pale moshi ungekuwa mzito kuliko kote, ikaangukia mwinuko usio na mtu. Mtaalamu alifurahi sana. Alisema ni nadra kupata eneo safi namna ile.

Ripoti ilisomwa kwenye baraza la chifu. Mimi ndiye niliyeitafsiri kwa Kipokomo, na niliitafsiri kwa madaha. Mama aliinua mkono akauliza, maji yakija itakuwaje. Mtaalamu akajibu kwa upole kwamba hii ni modeli ya hewa, maji yana modeli yake. Watu wakacheka. Nami, badala ya kushtuka, niliona aibu kuwa yule ni mama yangu. Nilimnong'oneza anyamaze, haya ni mambo ya hesabu.

Mtambo ukajengwa, ukaanza kupika. Masika hayakuhudhuria baraza. Mto ulipanda, Idsowe ikahamia mwinukoni na magodoro na kuku wake. Barabara ilikatika tena upande mwingine, kwa hiyo mtambo ukaongezewa saa za kazi. Kusi nayo ikaanza kuvuma, ikiusukuma moshi kaskazini. Majuto ni mjukuu, lakini mimi sina hata mtoto na yalinifikia mapema.

Nilimkuta mama amekaa kitako chini ya turubai, mikono magotini, anatafuta pumzi kwa mabega. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebaki kidogo. Moshi ulikuwa umelala juu ya mahema, mzito katikati, mwepesi pembeni. Modeli haikukosea hata hatua moja. Ningeilaumu kwa furaha kama ingenipa nafasi. Niliogopa mama atanifia, na nilijichukia.

Nilimpigia mtaalamu simu. Sitamsingizia, hakubishana. Alisema akipata orodha ya wanaokaa pale, atarudia hesabu na mtambo utasimamishwa mpaka watu warudi kwao. Bila orodha, pale hapana mtu. Akanitumia fomu, nikaichapisha mjini. Ilikuwa na swali moja la maana: je, unakaa hapa?

Nilipita hema kwa hema. Wote walikohoa, na wote walisema hawakai pale. Mwanamke mwenye kichanga alisema anapita tu. Alikuwa wiki ya tatu anapita. Mzee mmoja alikasirika akaniuliza nimetumwa na nani kumnyang'anya shamba. Kufikia alasiri nilikuwa na mwinuko uliojaa watu, na karatasi zangu hazikuwa na mkazi hata mmoja.

Mama alikuwa wa mwisho. Nilimweleza yote: nukta, nyekundu, mtambo utakavyosimama akikubali, na nani aliyemwambia mtaalamu kwamba pale hakai mtu. Alisubiri kwanza pumzi irudi.

"Ulimjibu vizuri," akasema. "Mimi sikai hapa, mwanangu. Andika Idsowe."

Nikaandika kwamba anakaa hapa. Kisha nikarudi kwenye karatasi za mwanzo, nikawaandikia wote hivyo hivyo, na yule mzee mwenye hasira pia. Mama hajui kusoma. Alinyoosha shingo, akaniuliza nimeandika nini.

"Idsowe, mama."