Walipokuja Kuhesabu Mali za Baba

Baba yangu alikuwa mtu wa kwanza pale kwetu Malindi, kijiji cha milimani Lushoto, kwenda mahakamani kwa miguu yake mwenyewe kuomba atangazwe mufilisi. Wengi walikuwa wamefilisika kabla yake, lakini wao walifanya kama watu wanavyofanya: walizima simu, wakahamia Handeni au Morogoro, wakawaachia wake zao kazi ya kuitikia hodi. Baba alivaa suti aliyonioza nayo, akapanda basi la alfajiri kwenda Tanga, na aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyetua mzigo.

Alikuwa na duka la pembejeo Lushoto mjini na Fuso moja ya kupeleka mboga Dar es Salaam. Wakulima walichukua mbegu na mbolea kwake wakati wa kupanda, wakamlipa kwa karoti na kabichi wakati wa kuvuna. Utaratibu huo ndio ulionisomesha. Kisha ukaja msimu mmoja wa mvua mbaya, mlima ukaporomoka barabarani chini ya Soni, na Fuso ikakwama upande wa huku ikiwa imejaa, hadi kabichi zikaanza kutoa maji. Wakulima wakasema hawana cha kumlipa. Benki na wauza mbolea wa Dar hawakutaka kusikia habari za mlima.

Wakili ndiye aliyemshauri afungue ombi la ufilisi. Alitueleza sebuleni kwamba wadai hawataruhusiwa tena kumfuata mmoja mmoja. Mali yake yote itakwenda mikononi mwa msimamizi, itauzwa, nao watagawana.

"Yote?" mama aliuliza.

"Yote, mama. Isipokuwa nguo, matandiko na zana za kazi, tena kwa kiasi."

Mama alimtazama baba. Baba akasema, "Angalau tutalala usingizi."

Msimamizi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na sweta la kijivu. Nyumbani tulimwita mama wa Tanga. Siku aliyokuja nilipanda kutoka Mlola, nilikokuwa nimeolewa, nikamsaidie mama jikoni, maana mgeni ni mgeni. Tulimpikia wali na kuku. Alimwamkia bibi, mama yake baba, shikamoo ya heshima kabisa, akala, akashukuru, akanawa. Halafu akaanza na kabati la vyombo, vikiwemo vile tulivyompakulia chakula.

"Kazi yako ni nini, mzee?" alimuuliza baba.

"Mfanyabiashara."

"Mwenye cherehani ningemwachia cherehani. Seremala ningemwachia randa. Wewe zana zako ni zipi?"

Baba alifikiri. Duka lilikuwa limeshafungwa kwa kufuli la mahakama, Fuso imeshachukuliwa. Mwishowe akasema, "Mizani." Akaachiwa mizani.

Cherehani ya mama ilipona kwa sababu aliinunua kupitia kikundi chake cha akina mama, na mwenyekiti wa kikundi alikuja kushuhudia. Redio, viti, jiko la gesi, tangi la maji, mbuzi, hata mlango wa chuma uliokuwa haujapachikwa bado, vyote viliingia kwenye orodha. Tukafika chumbani kwa bibi.

Bibi alikuwa amekaa juu ya kitanda chake. Kilikuwa kitanda cha mkulo, ule mti wa misitu yetu wenye harufu ya kafuri, na babu alikichonga mwenyewe kabla hajamwoa. Bibi alikuwa amezaa watoto wake wote juu yake, na babu alikufa juu yake.

"Hiki ni cha mama," baba alisema.

"Kwa nyaraka gani?"

"Hakina nyaraka. Ni kitanda."

Mama wa Tanga aliuliza nyumba ile ilikuwa ya nani kabla ya baba. Baba akamweleza: ilikuwa ya babu, na babu alipofariki kikao cha ukoo kiliwagawia watoto wa kiume. Hapo baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi bila kuombwa, akadakia.

"Mimi nilipewa shamba. Kaka alipewa nyumba na vilivyomo. Mimi ni shahidi, nilikuwepo."

"Na vilivyomo," mama wa Tanga alirudia.

"Mama alikuwemo pia," baba alisema. "Naye ni mali yangu?"

Hakuna aliyecheka. Mama wa Tanga alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu njia, kwamba sheria inamwangalia mufilisi, mke wake na watoto wake. Mama mzazi hayumo. Angemwachia godoro na mablanketi kwa huruma yake mwenyewe, lakini kitanda kile kilikuwa cha thamani, na wadai wangemuuliza. Bibi hakujua Kiswahili vizuri. Alimuuliza baba kwa Kishambaa yule mama anataka nini. Baba akamjibu kwamba anakisifia kitanda.

Kabla hajaondoka, mama wa Tanga aliuliza swali la mwisho. Ndani ya miaka miwili iliyopita, baba alikuwa amempa mtu yeyote kitu chochote cha thamani?

Nilikuwa nakusanya sahani. Nilimwona baba akinitazama, kisha akatazama mikono yake.

"Nilimpa binti yangu mtamba. Alipoolewa."

"Ulikuwa na haja gani ya kulisema hilo?" mama alimuuliza mgeni alipotoka.

"Ameuliza."

"Nani angejua?"

"Nimekula kiapo Tanga," baba alisema. "Mnataka niende jela na kufilisika juu?"

Nilirudi Mlola jioni ile nikamwambia mume wangu, naye akaniambia nisimweleze mama yake, huenda watu wa mahakama wangesahau.

Hawakusahau. Walikuja na pikapu siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa njiani. Yule mtamba alikuwa ameshazaa, na ndama alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe alikuwa zizini na ndoo. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yamenipa nafasi katika nyumba ile. Kwa mwaka mzima aliwaambia majirani kwamba mkwe wake hakuja mikono mitupu.

Mama wa Tanga alinieleza kwamba zawadi iliyotolewa na mtu karibu na kufilisika kwake huweza kurudishwa, ili watu wasifiche mali kwa ndugu. Hakusema kwamba tulificha. Alisema sheria haiangalii nia yangu.

"Na ndama?" mume wangu aliuliza.

"Aliyetolewa zawadi ni mama yake. Huyu kazaliwa kwenu, sitamgusa." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetutendea hisani.

Walimpandisha ng'ombe kwenye pikapu, ndama akabaki zizini. Alilia mchana kutwa na siku iliyofuata. Tulimpa maziwa ya jirani kwa chupa, akayakataa. Mama mkwe akamwita muuza nyama. Walipokuwa wanakubaliana bei, aligeuka akaniambia mbele ya yule mtu:

"Kumbe ng'ombe wa baba yako alikuwa wa kuazima. Sijui na wewe tutakuja kudaiwa lini."

Muuza nyama aliinamisha kichwa akitabasamu. Mume wangu alisikia. Aliendelea kumfunga ndama kamba.

Mnada wa vitu vya ndani ulifanyika uani kwetu Malindi. Nilidhani watakuja wageni, wachuuzi wa kutoka Mombo na Korogwe, lakini waliojaa walikuwa watu wetu: wanakwaya wenzake mama, wakulima waliokuwa wamechukua mbolea kwa baba na kusema hawana kitu, sasa wana pesa taslimu mfukoni. Walifungua droo zetu wakazifunga. Mwanamke mmoja aliyenisimamia kipaimara aliipindua sufuria ya mama akaipiga kwa kidole kusikia kama ina ufa. "Pole sana, mama," alimwambia mama, kisha akamgeukia dalali akataja bei ya chini.

Baba alikataa kukaa ndani. Alisimama pembeni akiwa amefunga mikono nyuma, na dalali alipokosea kusema kwamba tangi lina koki mpya, baba alimsahihisha kwamba koki inavuja.

Kitanda cha mkulo kilitolewa karibu na mwisho. Mwanamume mmoja alijilaza juu yake kukijaribu, na viatu vyake. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mplamu, maana viti vilikuwa vinauzwa, na wakati huo ndipo alipoelewa. Hakupiga kelele. Alivuta kanga yake usoni.

Baba mdogo akataja bei. Ilikuwa bei ya kitanda cha kawaida cha mbao za msindano. Dalali akapaza sauti kuita wengine, akaita tena, lakini watu walitazamana wakanyamaza. Nani angeshindana na mtoto kwa kitanda cha mama yake? Nyundo ilipogonga, watu walipiga makofi. Mama alipiga kigelegele, machozi yakimtoka. Mimi pia nilimwona baba mdogo siku hiyo kuwa mtu.

Akakipakia kwenye gari lake.

"Mama," alimwambia bibi, "hapa kwa kaka hamna nyumba tena. Njoo kwangu. Kitanda chako kiko kwangu."

Ilikuwa kweli kwamba nyumba nayo ilikuwa inauzwa. Baba alikuwa amepata vyumba viwili vya kupanga Lushoto mjini, nyuma ya gereji, na alikuwa amempangia bibi kile chenye dirisha. Alimwambia hivyo. Bibi alikuwa ameshasimama.

"Mama, na mimi je?"

Bibi alimjibu kwa Kishambaa, na kila aliyekuwepo alisikia. "Wewe umeuza kitanda cha baba yako."

Akaingia kwenye gari la baba mdogo na godoro lake.

Baba mdogo anakaa kwenye njia ya kwenda Irente, na nyuma ya nyumba yake amejenga vyumba anavyopangisha watalii wanaokuja kutembea milimani. Nilikwenda kumsalimia bibi baada ya mavuno ya viazi. Nilimkuta kwenye chumba cha kando ya jiko, juu ya kitanda cha chuma, pamoja na magunia ya mkaa. Nilidhani ni kwa muda. Nikaulizia kitanda chake.

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alinipeleka mwenyewe akanionyesha, tena kwa fahari. Kilikuwa kwenye chumba kikubwa cha wageni, kimepakwa vanishi, taulo mbili zimekunjwa juu yake. "Wazungu wanaipenda hiyo harufu," alisema. "Chumba hiki ndicho cha bei ya juu."

Nilimsubiri baba mdogo. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa adabu kama bibi hawezi kulala kwenye kitanda chake walau siku ambazo hakuna wageni.

"Kitanda chake kipi?" alisema. "Nimekinunua mnadani, mbele yako. Risiti ninayo. Ninyi mna risiti ya nini?"

Nilirudi kwa bibi nikamwambia afungashe, nitamshusha mjini kwa baba.

"Nikafanye nini huko? Nikalale chini nimtazame analia?" Kisha akanionya nisimwambie baba nilichokiona. Sikumwambia. Alikuja kuambiwa na mtu mwingine, sokoni, kwa kicheko.

Bibi alikufa kwenye baridi ya Julai, kifua kilipombana. Baada ya maziko tulikaa kikao cha ukoo pale pale kwa baba mdogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kukalisha watu. Bibi alikuwa na kipande kidogo cha shamba la kahawa alichoachiwa na mama yake, upande wa mtoni. Mwenyekiti, mzee wa ukoo, akasema mambo ni mepesi: mtoto mkubwa yupo, akabidhiwe yeye.

Baba alikuwa bado hajaachiliwa na mahakama kutoka kwenye ufilisi. Mama wa Tanga alikuwa amemweleza mapema kwamba chochote atakachopata kabla ya kuachiliwa, hata urithi, kitakwenda kwa wadai. Alisimama akawaeleza hivyo hivyo, bila kuficha.

"Mnaona?" baba mdogo alisema. "Ukimpa kaka, umewapa benki shamba la ukoo."

Shamba likaenda kwa baba mdogo. Hakuna aliyeweza kusema amekosea. Wakagawa vilivyobaki: kanga, jembe, kitabu cha nyimbo. Baba alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mimi naomba lile blanketi alilokuwa anajifunika."

"Hata blanketi, kaka, acha tu," baba mdogo alisema. "Usije ukatuletea yule mama wa Tanga hapa, akahesabu na sufuria za msiba."

Watu wakacheka. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba, walikuwa wamechoka kulia, na kicheko kile kilienea hadi kwa wanawake jikoni. Nilimtazama baba. Naye alikuwa anacheka, anatikisa kichwa, anajifuta macho kwa kiganja, akasema, "Kweli, kweli, yule mama haachi kitu."

Blanketi alipewa mama mdogo. Chai ikaletwa, tukanywa.