Mwalimu wa Mjukuu Wangu Ameleta Mtamba

Admin, nifichie jina. Majina yote humu nimeyabadilisha, maana mtu ninayemsema ana simu na huenda anasoma ukurasa huu kama mimi.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, nimefiwa na mke, naishi Turwa hapa Tarime, kwa Wakurya. Sikuzaliwa hapa. Nilizaliwa upande wa Mugumu, tukahama nikiwa kijana baada ya wezi wa ng'ombe kutuachia boma tupu. Nimezeeka hapa, nimezika hapa, na bado nikipita sokoni naitwa "yule Mwikoma", kwa kabila nililotoka. Silalamiki. Nalitaja kwa sababu ndilo linalonifanya nisiwe na uhakika na ninachokiona.

Ninaishi na mjukuu wangu, nimwite Rhobi, wa darasa la sita. Mama yake ni binti yangu, anauza nguo Sirari na huja mwisho wa wiki. Baba yake hakutoa ng'ombe wa mahari na hakurudi, kwa hiyo kimila mtoto ni wa nyumba yangu. Rhobi si mjinga, ila sehemu na desimali zilimshinda kabisa. Akiziona alikuwa anakaa kimya kama mtu aliyefika kwenye mto uliofurika. Nilijaribu kumfundisha. Vitabu nimesoma vingi, lakini macho yangu sasa yana mtoto wa jicho, na kila nilichoeleza aliitikia "ndiyo Babu" bila kuelewa. Muhula ule alishika nafasi ya pili kutoka mwisho. Mwalimu wake wa darasa akaniambia, "Mzee, huyu la saba hatavuka." Wa huku mnajua binti asiyevuka la saba anaelekezwa wapi.

Ndipo akaja jirani yangu, nimwite Mwalimu Boke. Ni mama mjane, mwalimu mstaafu, ana ng'ombe wengi. Mabinti zake wote wameolewa na hana mtoto wa kiume.

"Mzee, nipe huyu mtoto jioni," alisema. "Tangu nistaafu nafundisha ng'ombe, na wenyewe hawanyooshi mkono."

Nilicheka, nikakubali. Malipo alikataa. Siku moja nilichungulia, nikamkuta Rhobi amekaa kwenye kiti na Mwalimu amekaa chini kwenye kigoda, amejifanya mwanafunzi mtundu. "Mwalimu Rhobi, mimi nasema robo ni kubwa kuliko nusu, maana nne ni kubwa kuliko mbili. Nikosoe kama unaweza!" Na mjukuu wangu akawa anamkosoa kwa sauti, anakata kiazi vipande kumwonyesha. Sijawahi kumsikia akisema kwa uhakika namna ile.

Baadaye yakaanza mambo madogo. Jioni moja Mwalimu aliniuliza, "Mama yake alitolewa ng'ombe?"

"Hapana."

"Basi wewe ndiye mwenye neno," akasema, akageuza mazungumzo.

Kisha akampima Rhobi gauni. Kisha nikasikia akina mama bombani wakitaniana, "Mpisheni mke wa Mwalimu achote kwanza!" Rhobi akacheka nao.

Kwa wasiojua: huku ipo nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti, na watoto atakaozaa binti huyo na mwanamume fulani huwa wa nyumba yake. Hata kwetu tulilisikia jambo hilo, lakini dalili zake za huku sizijui vizuri.

Nilimfuata Mwalimu nikamuuliza wazi. Hakukasirika.

"Mzee, umekaa nasi miaka yote hii bado unatutazama kwa tundu la mlango? Sisi hatuoi kwa kunong'ona. Nikitaka mke nitaleta wazee mchana kweupe."

"Kwa hiyo humtaki?"

"Namtaka afaulu."

Jibu zuri. Nimelipima sana, na kila nikilipima naona hajasema hapana.

Nikamuuliza Rhobi kama ameambiwa lolote. "Hajaniambia kitu, Babu," akajibu akiwa anachonga penseli. "Lakini hata akinioa, si nitaendelea kusoma palepale?" Ana miaka kumi na miwili.

Jana matokeo yalitoka. Rhobi amepata B ya hisabati, aliyekuwa anapata E. Leo asubuhi nimekuta mtamba mwekundu amefungwa kwenye uzio wangu, na mchungaji wa Mwalimu amesimama pembeni. "Mwalimu kasema ni wa Rhobi, zawadi ya kufanya vizuri. Akizaa, maziwa yake yatamsomesha." Akaondoka.

Zawadi, au ng'ombe wa kwanza wa mahari? Nikimrudisha, nimemtukana mtu pekee aliyemwokoa mtoto huyu, na la saba ndiyo inakuja. Nikimwacha, kesho wazee wanaweza kusema nilipokea. Nilimpigia binti yangu. "Baba, usimguse mpaka nije," akasema. Lakini jua lilikuwa kali na mnyama alilia tangu asubuhi. Mnyama hana kosa. Nikampa maji.

Jirani wa nyuma aliniona kupitia uzio. Akapiga kigelegele. "Hongera, Mzee! Leo umekuwa mtu wa hapa!"

Maneno hayo nimeyangoja tangu ujana wangu, na nilipoyasikia ndoo ilinitoka mkononi.

Ndugu zangu, hasa Wakurya mnaoijua mila hii kwa ndani, sitaki mnifariji, nataka mnieleze. Yale maji niliyompa yana maana gani kwenu? Mtamba abaki au arudi? Rhobi ameshampa jina, na sasa hivi anatafuta daftari lake aende kwa Mwalimu. Nimwache aende, au nimzuie hapa mlangoni?