Kopo Tupu Lipinduliwe

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, ingawa ni ya miaka ya tisini na wengi niliokuwa nao wametangulia. Umenirudisha kule uliponieleza kazi yako ya programu: kwamba ndani ya kompyuta wafanyakazi wengi hutumia kitu kimoja bila kufuli, kila mmoja akijihesabu anapokishika na kujitoa anapokiacha, na anayefikisha sifuri ndiye anayekifuta. Nilicheka kidogo. Sisi tulifanya hivyo kwa kopo la maziwa ya unga.

Karibu na Segese tulikuwa na duara, shimo la dhahabu lenye midomo miwili. Hatukuweka mlinzi, angechelewesha kazi. Katikati tuliweka kopo. Ukishuka, tia jiwe. Ukitoka, toa jiwe. Shimo likiisha dhahabu, anayeliacha kopo tupu ndiye huvuta matimba, zile nguzo zinazozuia udongo, maana miti ilikuwa haba na shimo jipya liliisubiri.

Mzee Shija alitoka mdomo wa mashariki, akatoa jiwe lake. Kopo likawa tupu.

"Njoo tuvute, ng'wanawane," akaniita, kama Msukuma anavyomwita mwana.

Huku nyuma ya kifusi, kwenye mdomo wa magharibi, rafiki yangu Masanja alikuwa amekwisha kuchungulia na kuona matimba yamesimama. Alikuwa mcheshi, akimwita Mama Kulwa muuza uji "mama mkwe" bila hata posa. Alitaka kufuata nyundo ya marehemu baba yake aliyoiacha shimoni. Mzembe hakuwa. Alikwenda kuokota jiwe, akalitia koponi wakati sisi tumempa mgongo tukifunga kamba, akashuka.

Tukavuta. Ardhi ikaketi taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Masanja katoka?" Mama Kulwa akauliza. "Nimemwona anatia jiwe sasa hivi."

"Kopo lilikuwa tupu, mama," nikamjibu.

"Lilikuwa."

Jiwe lilikuwemo. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono, mpaka Mzee Shija akatushika mabega.

"Nani kakosea, mzee?" nikamuuliza.

"Yeye aliangalia, ndipo akajihesabu. Sisi tulihesabu, hatukuangalia tena. Kifo kimepita hapo katikati."

Tangu siku ile, aliyetoa jiwe la mwisho alilipindua kopo kwa mkono uleule, kabla hajavuta pumzi. Na kopo lililopinduliwa halikutiwa jiwe, hata kama umeacha chini urithi wa baba yako.

Tahadhari kabla ya hatari, mwanangu. Kutoa hesabu ya mwisho na kufunga mlango viwe tendo moja lisilokatika. Anayekuja akikuta sifuri, asiongeze moja. Aondoke akatafute upya. Na anayetaka kushika ajitangaze kwanza, kisha atazame mara ya pili kama kitu bado kipo. Alichokiona mwanzo ni habari ya zamani, hata kama ni ya sasa hivi.

Mungu aibariki mikono yako, na kila anayeitegemea afike kwao salama.